Hesabu uliyoikimbia iko kwenye geti lako

Ukishuka Kariobangi Light Industries asubuhi, utasikia nyundo kabla hujaona mtu. Sufuria, masanduku, mageti. Simama kidogo umwangalie fundi wa geti. Akishaunga fremu, anavuta tepu kutoka kona hadi kona, kisha kona zile zingine. Vipimo vikilingana, geti limenyooka. Naye fundi wa mawe atakwambia: upande 3, upande 4, kona kwa kona lazima itoe 5.

Sasa nikuulize. Geti lina mita za mraba 12, na kona hadi kona ni mita 5. Pande zake ni ngapi?

Mwalimu angeandika xy = 12 na x² + y² = 25. Hapo ndipo wengi wetu tulizima. Mimi nilizima kabisa. Niliacha kozi ya ujenzi mwaka wa kwanza nikiamini hizo x na y ni za watoto wa Lavington.

Lakini cheki. 12 mara mbili ni 24. Ijumlishe na 25, unapata 49, yaani 7 mara 7. Kwa hivyo x + y ni 7. Rudi kwa 25, toa 24, inabaki 1. Kwa hivyo tofauti ya x na y ni 1. Namba mbili zenye jumla 7 na tofauti 1? 4 na 3. Hesabu itakupa pia −4 na −3, lakini geti la mita hasi nne utalifunga wapi?

Na si mambo ya juzi. Mwaka 1962 karibu na Baghdad kulipatikana kibao cha udongo chenye umri wa zaidi ya miaka 3,500. Swali lake: eneo 0.75, kona hadi kona 1.25, tafuta pande. Jibu ni 1 na 0.75. Msee, hilo ni geti letu, limegawanywa kwa nne!

Mwaka 2025 serikali ilisema hesabu itabaki ya lazima sekondari ya juu. Poa. Lakini kulazimishwa hakumfanyi mtu aelewe. Leteni geti na tepu darasani kwanza, x na y zifuate. Mtoto wa Kariobangi amekulia katikati ya hii hesabu. Asiambiwe ni ya wengine.

Nawe uliyeacha shule kama mimi, leo jioni pima geti la ploti yenu. Jibu likikataa, usilaumu x. Mwite fundi, geti limepinda.