Kabla ya karti grafiki, ekuteri kwanza

Mjini Goma, nyumba nyingi leo zinabeba familia mbili au tatu. Vita vya Masisi, Rutshuru na Sake vilileta mashangazi, wajomba na watoto wao mlangoni. Kambi za pembeni ya mji zilipovunjwa mwanzoni mwa mwaka 2025, wengine walioshindwa kurudi makwao waliingia kwa jamaa. Usiku, godoro linatandikwa sebuleni. Na sebuleni ndipo ilipo kompyuta ya nyumba.

Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Kijana wa nyumba ameweka akiba kidogo kidogo kwa kuuza mega na kutengeneza simu. Anataka kompyuta ile ya zamani ibebe michezo mizito kama GTA V au Cyberpunk 2077. Anashuka Birere kuuliza bei ya karti grafiki. Mama anapopata habari anauliza: dola hizo zote kwa mchezo, na wageni wanalala chini? Papa anaongeza neno lake. Kijana ananuna, anafunga mlango.

Mama ana haki ya kuuliza. Tangu mabenki ya Goma yafungwe mwaka 2025, pesa taslimu imekuwa ya kutafuta kwa taabu. Lakini kijana naye asitukanwe. Kazi ni chache, na usiku mtu mwenye akili anabaki nyumbani. Kijana anayecheza sebuleni anajulikana yuko wapi saa tatu ya usiku, na wazazi wa Majengo na Ndosho wanajua thamani ya jambo hilo. Tena kompyuta inayoweza kubeba mchezo mzito inaweza pia kukata sauti za matangazo, kupanga video za arusi na kuandika kazi za shule. Kosa la kijana si kutaka mchezo. Kosa ni kuanzia mahali pa bei kubwa, na kusahau watu waliolala mita mbili kutoka kwenye kiti chake.

Tuanze na mashine yenyewe. Kwanza, ni kompyuta ya mezani au ya kukunja? Ile ya kukunja, karibu zote, karti yake ya picha haibadilishwi. Fundi anayeahidi kuibadilisha aombwe kwanza aonyeshe nyingine aliyoibadilisha.

Pili, ifunguliwe ipanguswe. Goma imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, na vumbi jeusi la barabara linaingia kila mahali. Likiziba feni, joto linapanda, na prosesa inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Kompyuta nyingi zinazoitwa mbovu zimejaa vumbi tu. Kuipangusa kwa brashi laini, ikiwa imechomolewa kwenye umeme, hakugharimu kitu.

Tatu, memori, yaani RAM. GTA V, iliyofika kwenye kompyuta Aprili 2015, inadai RAM ya GB 4 kwa kiwango cha chini, na watengenezaji wanashauri GB 8. Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020, na mwaka 2023 watengenezaji wake walipandisha masharti: GB 12 za RAM kwa uchache, na diski ya SSD yenye nafasi ya GB 70. Kabla ya kununua, fungua uone ni DDR3 au DDR4, kwa sababu moja haiingii mahali pa nyingine. Kompyuta isiyo na karti ya picha ya pekee inaazima RAM ileile kwa kuchora picha. Kwa hiyo vipande viwili vya GB 4 mara nyingi vinaendesha mchezo vizuri kuliko kipande kimoja cha GB 8.

Nne, SSD mahali pa diski ya zamani inayozunguka. Hiki ndicho kifaa ambacho nyumba nzima itakisikia. Kompyuta iliyokuwa inachukua dakika kadhaa kuwaka itawaka kwa sekunde chache, na mtoto wa shule hatamaliza umeme akisubiri.

Karti grafiki inakuja mwisho, na hapo ndipo vijana wengi wanapoteza pesa. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa mjini zilitumika kwanza maofisini Ulaya. Kile kisanduku cha kugawa umeme ndani yake, ambacho mafundi wanakiita alimantasio, mara nyingi hakifiki wati 300. Karti kama GTX 1060, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha Cyberpunk, inakula wati 120 na inahitaji waya wake wa pekee, ambao alimantasio hizo ndogo nyingi hazina. Kijana analipa, anafika nyumbani, karti haiwaki, na muuzaji hakubali kurudisha pesa. GTX 1650 inatumia wati 75, na aina zake nyingi zinapata umeme palepale inapochomekwa. Kwa mashine ya ofisi, hiyo ndiyo ya kuuliza, baada ya kupima kama kisanduku kina nafasi ya kuipokea.

Kuna pia njia isiyo na malipo: kupunguza ukubwa wa picha katika mchezo wenyewe. Picha ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2. Ya 1280 kwa 720 haifiki milioni 1. Kazi ya mashine inapungua kwa zaidi ya nusu, na mchezo ni uleule.

Usisahau umeme. Kompyuta inayotumia wati 250 ikichezwa saa nne inamaliza kilowati-saa 1 nzima. Kiasi hicho kingejaza simu zaidi ya thelathini. Katika nyumba ambamo wahami wanasubiri simu iwake ili wajue kama jamaa aliyebaki Masisi yuko salama, saa za mchezo na saa za simu zipangwe pamoja mezani.

Lakini kuna jambo ambalo fundi wa Birere hawezi kulitengeneza. Michezo mingi mizito ni ya bunduki. Katika spika za sebuleni, mlio wa bunduki ni mlio wa bunduki. Mtoto aliyekimbia Sake usiku hawezi kutofautisha, akiwa usingizini, risasi za mchezo na zile alizozikimbia. Anaamka, anatafuta mama yake, anatafuta viatu. Mama mgeni anamtuliza gizani na hasemi kitu, kwa kuwa yuko nyumbani kwa watu. Kimya chake kisichukuliwe kuwa ruhusa.

Ndiyo maana kifaa cha kwanza cha kununua, kabla ya RAM, kabla ya SSD, ni ekuteri. Bei yake ni ndogo kabisa kando ya karti grafiki. Zaidi ya hapo, skrini igeuzwe isitazame godoro, na baada ya saa fulani mashine izimwe. Saa hiyo isiwekwe na kijana peke yake. Wageni nao waulizwe.

Watu wa Masisi wana sababu nyingine ya kupewa sauti mbele ya mashine hiyo. Coltan inayochimbwa kwa mikono Rubaya inatoa tantali, madini yanayotumika kutengeneza vikapasita vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu na kompyuta. Kasiterite ya Kivu inatoa bati, ambalo mafundi wanalitumia kuunganisha vipande hivyo. Mgeni aliyelala sebuleni anaweza kuwa ndiye aliyebeba mfuko huo mgongoni. Watoto wake waitwe siku kijana anapofungua kompyuta, waone kilichomo, washike bisibisi. Huenda fundi wa kesho akatoka hapo.

Wazazi, msimfukuze kijana kwenye mashine yake, maana akiondoka hapo hamjui ataangukia wapi. Vijana, pangeni hesabu kwa mpango: ekuteri, kupangusa, RAM, SSD, na karti grafiki mwisho, kama pesa imebaki na alimantasio inaikubali. Na leo jioni, kabla ya kuwasha mchezo, mwulize mama mgeni swali moja: watoto wako walilala vizuri jana?