Kifuko cha Zawadi Kisigeuke Deni

Mwezi huu tuongee jambo linalowatoa jasho wazazi wengi wenye watoto wadogo, hata kwenye baridi hii yetu ya Iringa: vifuko vya zawadi vya bethdei. Nazungumzia vile vifuko ambavyo kila mtoto mgeni anakabidhiwa mlangoni wakati wa kuondoka, keki ikishaliwa na mama mwenye shughuli keshachoka hoi.

Tulipokuwa wadogo sisi, uliondoka na kipande cha keki kwenye tishu na pipi mbili mkononi, basi. Siku hizi ni kifuko chenye picha ya katuni, ndani kuna gari la plastiki, chupa ya maji, rangi na chokoleti. Si vibaya kama pesa ipo. Tatizo ni kwamba kifuko kikifika nyumbani kinatazamwa na wakubwa. Mama mmoja jirani yangu aliniambia waziwazi kuwa mwanawe haendi tena kwenye bethdei za wenzake. "Nikimpeleka, na mimi nitatakiwa kurudisha. Nitatoa wapi?" Mtoto ana miaka minne, jamani! Anakosa kucheza kwa sababu ya kifuko.

Ndiyo maana nasema kazi ya kuchagua inaanzia nyumbani, si dukani. Mimi na baba watoto tulikaa chini wiki mbili kabla binti yetu hajatimiza miaka minne. Yeye alitaka kitu cha maana, maana mtoto wa bosi wake alikuwa anakuja. Mimi nilikuwa na ada ya shule kichwani. Tulibishana weee, mwisho tukakubaliana Sh 50,000, isiongezeke hata mia. Waalikwa walikuwa 20, tukaandaa vifuko 25, yaani Sh 2,000 kila kimoja. Vile vitano vya ziada ni muhimu. Si unajua mitaa yetu? Mwalikwa mmoja anakuja na mdogo wake, na watoto wa jirani wakisikia muziki hawasubiri kadi. Inauma kumwambia mtoto vimekwisha wakati wenzake wanapewa mbele yake.

Pili, vifuko vifanane. Mtoto wa bosi na mtoto wa dada wa kazi wapate kitu kile kile, kwa sababu watoto hufungua hapo hapo na kulinganisha.

Tatu, usalama. Wageni wenye umri chini ya miaka 3 wasipewe goroli, shanga, puto wala vichezeo vyenye betri ndogo za duara. Kipimo rahisi: chukua lile boksi la duara linalobaki tishu za chooni zikiisha. Kitu kikipita humo ndani, kinaweza kumkaba mtoto. Pipi ngumu na karanga nzima pia ziwekeni kando kwa walio chini ya miaka 4, zinapalia.

Nne, kitu kimoja cha kudumu ni bora kuliko vitano vya kuvunjika njiani. Na hapa Iringa tumebarikiwa. Wageni watano au sita tu? Vikapu vidogo vya milulu, vile wanavyosuka mama zetu wa Kihehe, vinapendeza na vinatumika miaka. Kuna Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003 na vijana viziwi watatu na kujulikana kwa karatasi zilizotengenezwa kwa mavi ya tembo. Mwambie mtoto yeyote karatasi hiyo imetoka wapi uone atakavyocheka! Bethdei ya Juni au Julai, soksi za sufu zinafaa. Ya wakati wa mvua, mpe mche wa parachichi aende akaupande na baba yake. Na kumbuka mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Bahasha za kaki zinatosha kabisa.

Sisi tuliweka penseli za rangi na daftari dogo. Bahasha alizichora binti mwenyewe, michoro ambayo hata mimi siielewi. Mtoto wa bosi alianza kuchora kabla gari halijaja kumchukua. Yule mama jirani nilimfuata mwenyewe nikamwambia, "Mama, mlete acheze, hapa hakuna cha kurudisha." Alimleta.

Kwa hiyo, wewe na mwenzio, kabla hamjaenda dukani jiulizeni swali moja: je, mzazi mwenye kipato kidogo kuliko wote kati ya wageni wetu atakipokea kifuko hiki kwa furaha, au kitamkosesha usingizi? Mkishapata jibu, kununua ni kazi ndogo.

Tukutane mwezi ujao. Busu kwa watoto!