Bonsai Mahali Pake ni Uani



Mama mmoja ameniuliza kwa nini mti wa bonsai aliozawadiwa na bintiye umepukutisha majani yote kabla ya mwezi kuisha, ilhali aliuweka mahali pa heshima, sebuleni kando ya televisheni, na kuupangusa vumbi kila asubuhi. Jawabu limo ndani ya swali lenyewe. Heshima ile ya sebuleni ndiyo iliyouua.

Bonsai si aina ya mti. Ni neno la Kijapani lenye maana ya kilichopandwa katika chombo bapa, na asili ya sanaa hii ni Uchina. Udogo wa mti huo haumo katika mbegu, bali hutokana na mkono unaopogoa matawi na mizizi. Ukiurudisha ardhini, utarefuka. Kwa hiyo ulio ndani ya sinia ni mti kamili, unaohitaji jua na upepo kama wenzake. Katika bustani ya taifa ya miti mjini Washington umo msonobari mweupe wa Kijapani ulioanza kutunzwa mwaka 1625. Bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima mwaka 1945, msonobari huo ulikuwa nje, nyuma ya ukuta wa bustani ya familia ya Yamaki, na ukasalimika. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Marekani. Mti haufiki umri huo juu ya kabati.

Dhana ya bonsai ya ndani ya nyumba ilienezwa na watu wa nchi za baridi. Wao hupenda miti ya joto, kama ile ya jamii ya mkuyu, na aghalabu huiingiza ndani wakati wa majira ya barafu isije ikafa. Sisi barafu hatunayo. Kinyume chake, misonobari na miti mingine ya Japani tunayoiona pichani huhitaji baridi kali ili ipumzike kila mwaka, na hapa Pwani hudhoofika. Mwanafunzi wa fani hii asiitamani.

Aanze na kilicho karibu. Mkomamanga huvumilia jua letu na hutoa maua mekundu hata ukiwa mdogo, ila jueni kwamba tunda lake halipungui ukubwa kama majani. Bogenvilia haina makuu. Mbuyu hunenepa shina mapema, na ukipukutisha majani wakati wa kiangazi hupewa maji kidogo sana. Lakini mimi ningechagua mkwaju: majani yake ni madogo kwa maumbile, hujikunja usiku na kufunguka asubuhi, jambo linalowafurahisha watoto, na kokwa zake zimo jikoni mwenu. Chukueni zile ambazo hazikuchemshwa, zikwaruzeni kidogo, mziloweke usiku kucha, kisha mzipande. Asiye na subira ya miaka na anunue mche penye vitalu vya kando ya barabara.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hununua mche mwembamba kama kijiti na siku hiyo hiyo huutia katika sinia, kisha hungojea shina linenepe. Halitanenepa. Shina hunenepa mti ukiwa huru, katika ndoo kubwa iliyotobolewa au ardhini, matawi yakirefuka yapendavyo. Likishatosheleza macho ndipo hukatwa kwa juu, na sinia hufuata baadaye, mvua za masika zinapoanza. Mizizi ikikatwa siku hiyo, mti uwekwe kivulini wiki mbili tatu mpaka uchipue.

Udongo usiwe wa kunata. Changanyeni vigae vya matofali ya kuchoma vilivyopondwa kama punje za mahindi, samadi iliyooza na mchanga wa mto. Mchanga wa ufuoni una chumvi, uacheni huko huko.

Sasa maji, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Sinia lina udongo wa viganja vichache tu, na upepo wa kaskazi huukausha kati ya asubuhi na alasiri. Msimwagilie kwa saa. Ingizeni kidole, na udongo ukianza kukauka, mwageni mpaka maji yatoke chini. Msiweke kisahani cha kuyakinga, kwa kuwa mbu wa dengi huzaa katika maji safi yaliyotuama. Visima vyetu vingi vina chumvi, nayo hujilimbikiza katika sinia na kuunguza ncha za majani. Kingeni maji ya mvua, au tumieni yale mliyooshea mchele. Katika nyumba inayonunua maji kwa madumu, mti mmoja watosha. Sioni fahari ya kupanga masinia kumi barazani huku jirani akibeba ndoo.

Wako wanaouliza kama huku si kuuonea mti. Ni swali la haki. Mti huu hauwi mdogo kwa kunyimwa chakula. Kwa hakika huhitaji mbolea mara kwa mara, kidogo kidogo, kwa sababu maji ya kila siku huiosha. Kupogolewa nako si dhuluma, maadam mti una nguvu. Waya wa kukunja matawi ndio wa kuangaliwa: katika joto letu tawi hunenepa upesi, na waya ukisahauliwa hulikata gome. Utazameni kila wiki.

Na mkisafiri kwenda harusini au matangani, sinia lisiachwe juani bila mtu. Siku mbili zatosha kuliua. Lipelekeni kwa jirani pamoja na maelekezo, au lizikeni mpaka ukingoni katika udongo wa uani, chini ya kivuli cha mwembe, mkiisha kuloweka ardhi yote ile.