Mkate Peke Yake Haumjengi Mtoto

Siku hizi mkate umefika vijijini. Hapa Issenye huna haja ya kwenda Mugumu kuutafuta. Unaukuta dukani, umekatwa slesi na kufungwa tayari. Mgeni akifika, tunatuma mtoto dukani kununua mkate. Mtoto akiugua na kukataa ugali, tunamnunulia mkate. Mkate na chai ya rangi vimekuwa chakula cha heshima.

Sisemi kuwa mkate ni mbaya. Nasema mkate peke yake hautoshi. Mkate mweupe hutengenezwa kwa unga wa ngano iliyokobolewa. Unaupa mwili nguvu, lakini haujengi mwili vya kutosha. Mtoto anayekula mkate na chai ya sukari kila asubuhi hushiba, lakini hakui inavyotakiwa. Sisi tunaofanya kazi zahanati tunawaona watoto hao siku ya kliniki. Wanapimwa uzito, na mstari kwenye kadi unalala badala ya kupanda.

Maoni yangu ni haya: kama pesa ya mkate imekwisha kutoka, tuongeze kidogo ili mkate huo uwe chakula kamili zaidi. Njia moja ni kutengeneza bajia ya mkate nyumbani.

BAJIA YA MKATE NI NINI?

Ni kitafunwa cha Wahindi. Kule India huuzwa barabarani na huliwa na chai. Wenyewe huiita pakora. Slesi ya mkate huchovywa katika uji mzito wa unga wa dengu, kisha hukaangwa.

Wako watakaosema, "Hicho ni chakula cha Wahindi, si chetu." Je, chapati ilitoka wapi? Na sambusa? Vyote tulivipata kwa wageni waliokuja kutoka ng'ambo, na leo hakuna sikukuu kijijini bila chapati. Tena dengu ni mali yetu. Wakulima wa Mwanza, Shinyanga na Simiyu huzilima katika udongo mweusi wa mbuga, mvua zinapokwisha. Nyingi husafirishwa kwa meli kwenda India. Tunauza dengu, kisha tunanunua mkate. Ndugu zangu, hesabu hiyo haijakaa vizuri.

Katika gramu 100 za unga wa dengu mna protini gramu 20 hivi. Katika gramu 100 za mkate mweupe mna gramu 8 au 9 tu. Protini ndiyo inayojenga mwili. Tena nafaka na vyakula vya jamii ya kunde vikiliwa pamoja husaidiana: kinachopungua katika kimoja hupatikana katika kingine. Jambo hili si geni. Mwaka 1975 nchi yetu iliendesha kampeni ya Chakula ni Uhai. Wazee wetu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio na kujifunza kuchanganya vyakula. Somo lile bado ni la kweli.

VITU VINAVYOTAKIWA

Slesi 6 za mkate. Unga wa dengu vikombe 2. Maji safi kikombe 1 au zaidi kidogo. Kitunguu 1. Mchicha uliokatwa vipande vidogo sana, konzi 1. Chumvi nusu kijiko cha chai. Mafuta ya alizeti au ya pamba. Ukiwa na bizari au giligilani, tia kidogo.

Kama dukani hakuna unga wa dengu, nunua dengu. Zichague, zioshe, zianike zikauke, kisha zipeleke mashineni zikasagwe.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Nawa mikono kwa maji na sabuni.
2. Kata kila slesi vipande 2.
3. Changanya unga wa dengu, chumvi, kitunguu na mchicha. Tia maji kidogo kidogo huku ukikoroga, mpaka upate uji mzito usio na madonge.
4. Pasha mafuta katika karai. Dondosha tone la uji ule. Likielea upesi, mafuta yako tayari. Mafuta yakitoa moshi, yamezidi moto.
5. Chovya kipande cha mkate pande zote mbili. Usikiache ndani, kitalowa na kukatika.
6. Kaanga upande mmoja mpaka uwe rangi ya kahawia, kisha geuza. Opoa, chuja mafuta, funika nzi wasitue.

Utapata vipande 12. Ukipenda, weka viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa katikati ya vipande viwili, kisha chovya na kukaanga.

MAMBO YA KUANGALIA

Mkate wa jana uliokauka unafaa sana. Mkate wenye ukungu haufai kabisa. Usikwangue ukungu ukadhani umekwisha, na usidhani moto utaondoa sumu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa katika chakula chao. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Basi dengu zenye ukungu nazo zitupwe.

Usitumie unga wa maharage mabichi badala ya dengu. Maharage yana sumu ya asili ambayo huisha yakichemshwa sawasawa. Kuyakaanga dakika chache hakutoshi, na anayekula atatapika na kuharisha.

Mafuta yaliyokwisha kuwa meusi, yanayotoa povu au kunuka, yasitumike tena. Hii ndiyo sababu moja ya kupika nyumbani. Bajia za mnadani huzijui zimekaangwa katika mafuta ya siku ngapi. Za nyumbani unazijua.

Karai liwe mahali imara, watoto wakae mbali. Mtu akiungua, mwagilia maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mlete zahanati. Usipake dawa ya meno, mafuta wala kinyesi cha ng'ombe.

Bajia si chakula cha kila siku, maana ina mafuta mengi. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Mwenye shinikizo la damu apunguze, na chumvi isizidi. Mtoto aliye chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama peke yake. Mtoto mdogo anayeanza kula atengenezewe uji wenye lishe, si bajia. Aliyekwisha kuota meno na kutafuna vizuri akatiwe vipande vidogo, pasipo pilipili.

NANI ALE KWANZA?

Sasa nasema neno gumu. Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni kijana wenu, nasema kwa heshima. Kitu kizuri kikipikwa nyumbani, mara nyingi sahani hupelekwa kwanza kwa baba na wageni wake. Kinachobaki ndicho cha mama na watoto. Pengine hakibaki kitu, na mtoto hurudi kwenye chai ya rangi.

Kama bajia zitaliwa zote barazani, unga wa dengu haujamsaidia mtoto hata kidogo. Kumheshimu mgeni ni desturi njema, nami siipingi. Lakini mgeni akipewa vipande viwili ameheshimiwa. Mama mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto anayekua watengewe chao kabla sahani haijatoka jikoni. Baba akilisema hilo kwa kinywa chake mwenyewe, nyumba nzima itafuata.

Basi, ndugu msomaji, utakaponunua mkate, nunua na dengu. Tengeneza bajia kwa usafi, kisha hakikisha mtoto amekula. Siku ya kliniki mlete apimwe, tutazame pamoja mstari wa kadi yake kama unapanda.