Eti "Hii Si Tangazo"? Soma Sheria Kwanza

Wacha nianze na makosa yangu, ndio msiseme nawarushia mawe kutoka ghorofani.

Mwaka juzi jamaa wa ejensi fulani alinitumia ujumbe. Elfu kumi na tano kwa video moja. Kazi yenyewe? Nikae na marafiki, tucheke, muziki ucheze, na kile kikopo kidogo cha vifuko vya nikotini kiwe juu ya meza. Nisitaje jina. Nisiweke hashitegi. Nisiseme nimelipwa. Nikamuuliza kama hiyo ni tangazo. Akanijibu, "Hapana siz, hii ni laifstaili tu."

Kodi ya nyumba ilikuwa imefika. Nikafanya. Pesa ikaingia M-Pesa kabla video imalize masaa mawili.

Leo nataka tuongelee hilo neno: tangazo. Kuna watu wanaishi kwa kujifanya hawajui maana yake, na mimi nilikuwa mmoja wao. Niliacha chuo mwaka wa pili na sikuwa nasomea sheria, so msiniite wakili. Lakini kusoma najua, na hii kitu imeandikwa wazi.

Ukimuuliza msee yeyote wa mtaa tangazo ni nini, atakuonyesha bango la Thika Road. Ama atakuigizia ile sauti nzito ya redio. Kwa akili yetu, tangazo ni lazima litaje bidhaa, lisifu bei na likuambie ununue. Kama halina hayo, basi ni stori tu za vijana wakibonga.

Sheria haioni hivyo. Mwaka 2004 Kenya ilitia sahihi na kuridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku. Enda Ibara ya 1, pale maneno yanapopewa maana. Nikiuweka kwa Kiswahili changu, tangazo la tumbaku ni mawasiliano yoyote ya kibiashara, pendekezo lolote au kitendo chochote ambacho lengo lake, matokeo yake, au matokeo yanayoweza kutarajiwa, ni kukuza bidhaa ya tumbaku au matumizi yake, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka.

Soma tena polepole. Lengo, matokeo, AU matokeo yanayoweza kutarajiwa. Vitu vitatu, na katikati kuna "au", si "na". Maanake moja tu ikipatikana, inatosha. Hata kama lengo langu lilikuwa kulipa kodi ya nyumba. Hata kama sikutaja jina. Nililipwa, kikopo kilikuwa kwa meza, na mimi ndiye yule dem watu wanaiga nguo zake. Ulitarajia nini kitokee?

Na usiniambie huo ni mkataba wa wazungu huko Geneva. Ibara ya 2(6) ya Katiba yetu inasema mkataba wowote ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Halafu tuko na yetu wenyewe, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, ambayo inakataza kukuza bidhaa za tumbaku, hata kwa ushuhuda na mapendekezo ya watu. Kampuni kubwa ya sigara ilipinga kanuni zilizotungwa chini ya sheria hiyo mpaka Mahakama ya Juu, na Novemba 2019 ikashindwa. So hii vita si mpya. Imehama tu. Imetoka kwa bango ikaingia kwa simu yako.

Najua jibu litakalokuja: "Lakini vile vifuko havina tumbaku ndani, ni nikotini tu." Hapo ndipo ujanja unaanza. Ukiweza kucheza na maana ya "bidhaa ya tumbaku", hutahitaji hata kubishana kuhusu maana ya "tangazo". Aina moja ya hivi vifuko iliingia Kenya ikiwa imesajiliwa kama bidhaa ya dawa. Dawa! Mwaka 2020 waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akasema usajili huo haukufuata sheria. Mwaka 2024 Seneti ikapelekewa mswada wa kurekebisha ile sheria ya 2007 ili bidhaa mpya za nikotini zitajwe waziwazi. Jiulize: kama ni kitu safi, mbona kilitafuta mlango wa duka la dawa?

Sasa tuje kwa neno la pili, kudhibiti. Sheria zetu zinalipenda hili neno kuliko mwalimu wa zamu anavyopenda kiboko. Kudhibiti tumbaku. Kudhibiti vileo, ile sheria ya 2010 tunayoita ya Mututho. Kudhibiti kamari. Lakini kudhibiti ni kufanya nini hasa?

Mkataba ule ule umejibu. Kudhibiti tumbaku ni mikakati ya kupunguza usambazaji, mahitaji na madhara, kwa nia ya kuboresha afya ya watu kwa kuondoa au kupunguza matumizi. Ona vile hiyo maana imefungwa kwa matokeo. Kama matumizi hayapungui na afya haiboreki, hujadhibiti. Umeshika tu karatasi.

Hapa kwetu, kudhibiti mara nyingi ni leseni. Lipa, pewa cheti, bandika ukutani, endelea. Angalia kamari. Tangu sheria ya 1966 tulikuwa na bodi ambayo jina lake lenyewe lilichanganya kudhibiti na kutoa leseni. Aprili 2025 bodi hiyo ikasimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Siku 30! Kama mzazi anayekunyang'anya simu wikendi halafu Jumatatu anakurudishia ikiwa na bando. Baadaye mwaka huo tukapata Sheria mpya ya Kudhibiti Kamari. Sawa. Mimi nitaipima kwa swali moja: vijana wa mtaa wetu wanaoweka pesa ya chakula kwa mkeka wamepungua?

Ama angalia sigara. Sheria ya 2007 inakataza kuuza sigara mojamoja. Sasa toka nje na shilingi chache uende kibanda cha karibu. Utapewa moja, na kiberiti utaazimwa. Na siku kanjo akiamka vibaya, nani atabebwa? Mama wa kibanda. Yule wa ejensi aliyeniambia "hii ni laifstaili" yuko kwa ofisi yenye kiyoyozi, akiandika brifu nyingine.

Hiyo ndiyo inanikera. Maana ya tangazo kwa sheria ni pana kama Bahari ya Hindi, lakini ikifika kwa wenye pesa inakuwa nyembamba kama uzi.

Kuna mwenye ataniambia, "Wewe ni nani kutupangia maisha? Kila mtu ni mtu mzima." Kweli, wewe uko na miaka 24, uko na haki yako. Lakini TikTok haiitishi kitambulisho kabla ionyeshe mtoto wa miaka 15 video yangu.

Mwingine atasema Katiba inalinda uhuru wa kujieleza. Inalinda, Ibara ya 33. Songa mbele hadi Ibara ya 46, ya haki za wateja, inayotaka Bunge litunge sheria kuhusu matangazo ya haki, ya ukweli na ya heshima. Niambie ni ukweli gani uko kwa tangazo ambalo sharti lake la kwanza ni usiseme ni tangazo.

Na mwingine atasema njaa. Huyo simcheki. Njaa ndiyo ilinifanya nishike kile kikopo. Lakini wanajua tuko na njaa, ndio maana wanakuja kwetu na hawaendi kwa mtangazaji mkubwa mwenye wakili.

Miezi kama minne baada ya ile video, anti yangu alinitumia picha kwa WhatsApp. Alikuwa anapanga sanduku la binamu yangu arudi shule, yuko kidato cha tatu. Kwa picha kulikuwa na kikopo. Rangi ile ile, ladha ile ile. Akaniandikia, "Mami, wewe unajua vitu za vijana. Hii ni chingamu gani?"

Sikumjibu siku hiyo. Kesho yake nikampigia nikamwambia ukweli, pamoja na ile sehemu ya elfu kumi na tano. Alinyamaza, akasema, "Asante kuniambia," akakata simu. Ningependa angenigombeza.

Siwezi kuthibitisha kijana alianza kwa sababu yangu. Pengine ni rafiki, pengine ni video ya mtu mwingine. Lakini rudi kwa ile Ibara ya 1. Haiulizi kama tunaweza kuthibitisha. Inauliza kama ilitarajiwa. Na mimi nilijua binamu yangu ananifuata, kwa sababu huwa ananilaikia kila kitu.

So haya ndiyo nataka. Bunge limalize kazi ya kutaja hizi bidhaa kwa majina yake. Ejensi inayolipa tangazo la kujificha ishtakiwe kwanza, kabla ya kumkimbilia mama wa kibanda. Na sisi tunaotengeneza video tuache kuuliza "je, nimetaja jina?" Tuulize nani ataiona, na atafanya nini akishaiona.

Ile video nimeifuta. Najua kufuta hakurudishi kitu, iliangaliwa tayari. Wiki iliyopita jamaa mwingine ameniandikia, sasa ni elfu thelathini, maneno ni yale yale: "Hii si tangazo." Nimemtumia Ibara ya 1, mzima mzima. Ameiona, tiki mbili za buluu. Hajajibu.