Mawe ya Katanga: tunayaona ku simu tu



Kuko watu ku Ulaya na ku Marekani wenye kukusanya mawe ya zamani ya migodi yetu. Hawatafute kuyayeyusha. Wanayaweka ndani ya kioo, taa juu yake. Malakiti ya Étoile (siye tunaita Kalukuluku), karoliti ya Kambove yenye kung'aa sawa kioo, mawe ya manjano ya Shinkolobwe: yote hayo utayakuta ku maonyesho ya Tucson, ku Marekani, ao ya München, ku Ujerumani.

Bei ya jiwe la namna hiyo haitoke ku kilo. Inatoka ku uzuri wake na ku kakaratasi kadogo kenye kuandikwa mgodi gani, mwaka gani, nani alikuwa nalo. Mgodi ukiisha ao ukijaa maji, lingine halitapatikana. Njo maana ya zamani yanapanda bei. Huku kwetu, mchimbaji akikuta fuwele nzuri, mara mingi inapondwa na kutiwa mu mfuko pamoja na mengine. Hatumulaumu. Njaa ya watoto haingoje mnunuzi wa Tucson.

Angalieni pia majina. Sharpiti ni Robert Sharp, aliyegundua urani ya Shinkolobwe mwaka 1915. Sengieriti ni Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière. Cornetiti ni Jules Cornet, mjiolojia Mbelgiji. Miji yetu imepata kidogo: likasiti, kolweziti. Wale walioshuka mu shimo na kuchagua madini kwa mikono, majina yao tutayasoma wapi?

Union Minière ilitaifishwa tarehe 1 Januari 1967. Mawe mengi yalikuwa yamekwisha kwenda, na leo mwanafunzi wa jiolojia wa Lubumbashi akitaka kuona mkusanyo mkubwa wa mawe ya Katanga, anaambiwa Tervuren, karibu na Brussels. Kwa viza gani?

Tunaomba mambo mawili. Gécamines itangaze orodha ya mawe ya zamani yenye ingali nayo, na iyafungulie wanafunzi mlango. Na serikali iamue kwamba jiwe la maonyesho halivuke mpaka mbele moja ya namna yake ibaki mu inchi, na kakaratasi kake.

Neno moja tena, kwa mwenye kuchunga jiwe la Shinkolobwe ku nyumba sawa ukumbusho wa babu: lina urani, linatoa mionzi na gesi ya radoni. Usilipasue, usiwaachie watoto walichezee, nawa mikono ukiligusa. Na ulitoe ku chumba cha kulala leo.