Maiti Twamuuliza Madeni, Bwana Harusi Hatumuulizi

Haya, leo nitawakera wengi, na naanza na nyumbani kwetu Timbwani.

Akifa mtu mtaani, kabla jeneza halijaondoka, kuna mzee husimama akauliza: nani anamdai marehemu? Ajitokeze, aongee na familia. Mbele ya watu wote, na hakuna anayeona aibu. Lakini akija kijana kuposa, twauliza ni mtoto wa nani, aswali wapi, afanya kazi gani, ala miraa ama hali. Madeni? Kimya. Ukiuliza wewe ni mkosa adabu, wapenda pesa. Yaani mtu yuko hai, aja kuishi na wewe nyumba moja, deni lake ni siri. Akifa ndiyo twatangaza. Hii ni akili gani?

Nasema hivi kwa sababu ya dada yangu, mtoto wa mamkubwa. Afanya kazi hotelini Diani. Mwaka jana aligundua amekatwa kodi zaidi, kwa vile nafuu ya bima anayolipa haikuhesabiwa kwenye mshahara. Akaomba KRA marejesho. Sasa ana mchumba, kijana mzuri wallahi, lakini biashara yake ya mitumba imekufa na madeni yamemkalia mpaka azungumzia kwenda kortini atangazwe amefilisika.

Siku ya kikao cha wanawake, shangazi mmoja akamwambia, "Mwanangu, ukiolewa tu, hizo pesa zako za kodi wanaomdai mumeo watazibeba." Mwengine akadakia, "Kwani kuna zako na zake? Mkishaoana ni kitu kimoja." Dada akalia. Mimi nikakasirika, kwa sababu wote wawili wamekosea, na kukosea kwao kunaumiza watu.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, si wakili. Lakini sheria zimeandikwa, na kusoma hakuhitaji joho.

Kwanza hayo marejesho. Kenya kila mtu ana PIN yake na ritani yake, mwisho Juni 30. Kodi uliyolipa zaidi ni yako, na una miaka 5 ya kuidai. KRA yaweza kuikata kufidia deni lako wewe la kodi, si la mumeo. Kuolewa hakubadilishi hilo. Ni kweli sheria ya kodi ya mapato iliandikwa zamani zile mapato ya mke yakihesabiwa kuwa ya mume, na fomu ya iTax bado ina swali kama mume ataka kutangaza mapato ya mkewe. Si lazima. Kila mtu na ritani yake, basi.

Pili, deni lenyewe. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kifungu cha 10, yasema deni la mali alilokuja nalo mtu kabla ya ndoa labaki lake. Mtakalogawana sawa ni deni mlilochukua ndani ya ndoa kwa faida ya ndoa. Tatu, kufilisika. Korti ikimtangaza mtu amefilisika, mali yake yeye ndiyo huwekwa chini ya msimamizi ili wanaomdai walipwe, na kwa kawaida baada ya miaka 3 anaachiliwa. Mali yake. Si mshahara wako, si marejesho yako.

Kwa hivyo shangazi alidanganya? Hapana, alionyesha hatari pahali ambapo haipo. Hatari iko kwenye mkono wako mwenyewe.

Mwafungua akaunti ya pamoja ambayo kila mmoja aweza kutoa pesa peke yake. Kama yeye ana deni la kodi, KRA yaweza kuiagiza benki ilipe kutoka hapo, na marejesho yako yamelala humo humo. Ingekuwa lazima nyote wawili msaini, na wewe hudaiwi kodi, ingekuwa hadithi nyengine.

Wamkopea kwa simu yako, ama wamdhamini kwenye sacco. Hilo sasa ni deni lako, hata mkiachana kesho.

Ana kiwanja cha mkopo, mwakifanya mali ya ndoa. Deni lake mwagawana sawa, isipokuwa mmekubaliana vyengine. Na ukisaidia kulipa, weka risiti. Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kuwa ndoa peke yake haikupi nusu ya mali. Mchango lazima uonekane.

Ama aandikisha vitu vyake kwa jina lako ili wanaomdai wasivione. Hapo wajua mwajificha, na korti yaweza kuvirudisha.

Najua nitaambiwa nawafundisha wanawake ubinafsi, ati mapenzi hayana hesabu. Sikizeni. Sheria hiyo hiyo ya 2013 yaturuhusu Waislamu kufuata sheria ya dini kwenye mali ya ndoa, na humo mali ya mke ni ya mke, mahari yake ni yake, nafaka ni juu ya mume. Kwa hivyo hii "zenu ni moja" haikutoka kwa kadhi wala kortini. Imetoka vibarazani.

Na wanaume msicheke. Kijana mwenye deni si mwizi. Lakini anayelificha mpaka baada ya nikaha anamwibia mwenzake nafasi ya kuamua. Na sisi familia ndio twamfunza kuficha: twamdai ukumbi, magari, mapambo, akope, halafu akikopa twamwita fukara.

Dada alifanyaje? Alimchukua mchumba wake, wakakaa Shelly Beach na daftari, akamwambia andika yote. Akaandika, mikono ikimtetemeka. Mpaka simu za mkopo zikaandikwa. Hakumkimbia. Wamekubaliana harusi ndogo, akaunti mbali, na wataandika makubaliano ya mali kabla ya ndoa, kitu ambacho sheria inakubali. Marejesho yakiingia yataingia kwa jina lake. Akitaka kumsaidia atamsaidia, lakini kwa kupenda kwake, macho wazi.

Shangazi bado amenuna. Mimi nasema yule mzee wa mazikoni tumwalike mapema. Aje siku ya posa, asimame mbele ya wazee wa pande zote mbili, aulize: nani anamdai huyu? Na bibi harusi pia aulizwe. Asiyeweza kujibu akiwa hai asitungoje kwenye jeneza.